Mabawa ya flai ya kuelea yanalala na kupasuka, tatizo ni manyoya ama ni mkono?

flai_za_nyeri

Habari zenu wadau wa uvuvi. Niko Nyeri, nafunga flai nyumbani, yaani ndoano za kuvulia zinazofungwa manyoya na uzi zifanane na mdudu, kazi nilijifunzia kwenye karakana moja Nairobi na kule tulikuwa tunafunga zaidi flai za kuzama, nimfu (zile za kuiga mdudu mchanga wa majini) na zile za mkia wa maraboo (manyoya laini mepesi), kwa hivyo vaisi ya kushikia ndoano na bobini ya kushikia uzi sina shida navyo. Sasa nimepata mteja wangu mwenyewe, mzee mmoja anavua trauti kule mito ya Thego na Ragati, na ameniomba nimfungie flai za kuelea za mtindo wa zamani, Blue Dun ya kijivu na Royal Coachman ya mabawa meupe, saizi 12 na 14 (namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo), na amesisitiza mabawa yawe ya manyoya, hataki ya plastiki wala ya nywele za mkia wa ndama.

Hapo ndipo nimekwama. Nakata vipande viwili kwa unyoya wa bata, naviweka juu ya ndoano, nikikaza uzi tu vyote vinalala upande wa pili, nywele za unyoya zinaachana, kimoja kinabaki kirefu kingine kifupi. Vikikubali kusimama vinatazama upande mmoja vyote viwili. Zile chache zilizotoka na sura nilimpa akajaribu nazo mtoni, amezirudisha akisema flai inazunguka hewani akirusha na nailoni yake ya mwisho inajisokota mpaka inajifunga mafundo.

Uzi natumia 6/0, manyoya meupe ni ya bata wa jirani, ya kijivu nilipewa pakiti na rafiki. Sasa nauliza, shida ni manyoya, ni uzi, ama ni vile nabana? Na je lazima ninunue manyoya ya Marekani? Halafu hili la mwisho naomba mtu anijibu kwa ukweli kabisa, hivi samaki anajali kweli hayo mabawa? Juu hii oda ni ya dazeni kadhaa na nataka kuifanya vizuri.

---

fundi_wa_uzi

Dada karibu. Nimesoma posti yako mara mbili na jibu la kwanza liko kwenye maneno yako mwenyewe, umesema "nakata vipande viwili kwa unyoya wa bata". Unyoya mmoja? Kama ni mmoja, basi hapo ndipo tatizo la kuzunguka hewani linapotoka na halitaisha hata ufunge vizuri namna gani. Unyoya wa bawa la ndege umejipinda kwenda upande mmoja, wa bawa la kulia unapinda huku na wa kushoto unapinda kule. Ukikata vipande vyote viwili kwenye unyoya mmoja vitapinda upande mmoja, na upepo ukivipiga wakati wa kurusha flai inageuka feni, ndiyo nailoni ya mzee inajisokota.

Unatakiwa uwe na manyoya mawili, moja la bawa la kulia na moja la kushoto la bata yule yule ikiwezekana, tena yale yanayolingana nafasi kwenye bawa, la tatu na la tatu, la nne na la nne. Ukichinjiwa bata omba mabawa mazima usikubali manyoya yaliyokwisha nyonyolewa na kuchanganywa, keti na mabawa mawili mbele yako, chomoa moja huku moja kule, yafunge jozi jozi na mpira, weka kwenye bahasha. Kazi hiyo ya jioni moja itakuokolea usumbufu mwingi.

Kisha usikate popote. Ncha ya unyoya nywele zake zimepinda sana, chini karibu na ngozi kuna manyoya laini ya kuvurugika, pale katikati ndiyo sehemu nzuri. Tumia ule upande mpana wa unyoya, ule mwembamba wa mbele ni mgumu achana nao. Chukua sindano, tenga kipande chenye upana wa karibu nusu ya mdomo wa ndoano, yaani nusu ya ile nafasi kati ya ncha ya ndoano na shina lake, kata karibu kabisa na uti. Wengi wanakata kipana sana wakifikiri bawa litapendeza, kipande kipana hakiwezi kubanwa kwenye shina jembamba bila kujikunja, lazima kitapasuka.

Sasa kuviunganisha. Weka viganja vyako mgongo kwa mgongo, uone vidole vinavyopinda kwenda nje, hivyo ndivyo mabawa ya flai ya kuelea yanavyokaa, migongo inagusana na ncha zinakimbiana. Ukiviweka kifua kwa kifua ncha zinakumbatiana, hilo ni bawa la flai ya kuzama na nadhani ndiyo mazoea ya mkono wako kutoka karakana. Ncha zilingane sawasawa kabla hujagusa ndoano. Urefu wa bawa ni sawa na urefu wa shina la ndoano.

Kuhusu kubana. Kwanza laza uzi kwenye shina, tabaka moja laini, sehemu ya bawa iwe theluthi moja kutoka jicho la ndoano kwenda nyuma, na uupake nta. Kabla hujaanza achia bobini ining'inie uizungushe kinyume cha saa ukitazama kutoka juu, uzi ufunguke ulale bapa, uzi uliosokotwa unakata nywele. 6/0 inafaa kwa saizi 12 lakini kwa 14 tafuta 8/0 ambayo ni nyembamba zaidi. Shika vipande viwili na kidole gumba na cha shahada, ncha zikitazama mbele kupita jicho, viketi juu kabisa ya shina na vidole vishike mpaka shina lenyewe. Fungua vidole kidogo sana, ingiza uzi kati ya gumba na bawa, upitishe juu ukiwa umelegea, ushuke kati ya bawa na kidole cha shahada, funga vidole tena, kisha vuta uzi moja kwa moja kwenda chini. Usivute kuja kwako, usivute kwenda mbele. Nywele zinatakiwa zikae moja juu ya nyingine zikishuka pamoja, ukivuta kwa pembeni unazikunja. Usiachie vidole hapo, rudia mzunguko wa pili na wa tatu papo hapo ulipofunga wa kwanza, si mbele si nyuma yake, ndipo ufungue vidole uangalie.

Ikilala, usijaribu kuisukuma na kucha. Fungua uzi urudi mwanzo, kipande kikiwa bado kizima unaweza kukitumia tena.

Ikikaa sawa, kata mabaki ya nyuma kwa mshazari ili mwili usiwe na nundu, inua mabawa na vidole, zungusha uzi mbele yake ukigusana na shina la mabawa mpaka yasimame yenyewe. Halafu tenganisha na sindano, pitisha uzi katikati kwa namba nane, mara moja au mbili, taratibu, uzi ukikaza sana hapo ndipo unapasua kazi yote. Mkia na mwili vinakuja baadaye, bawa ndilo la kwanza kwa flai hizi, usifunge mkia na mwili mzuri halafu uje uharibu na bawa.

---

nyandarua_kwa_beaverkill

Salamu kutoka jimbo la New York, mimi ni mtu wa Nyandarua lakini naishi huku siku nyingi, si mbali na Roscoe pale Willowemoc inapoingia Beaverkill. Fundi amemaliza mambo ya vipande vya bata, mimi naongeza tu kwamba dada asifikiri bawa la manyoya ni la aina hiyo moja.

Huku milima ya Catskill walioanzisha mtindo wao wa flai ya kuelea hawakupenda sana vipande vya bawa. Theodore Gordon, yule aliyeishi kando ya mto Neversink mpaka alipofariki 1915, aliandikiana na Halford, mwandishi wa vitabu vya flai ya kuelea wa Uingereza, na akatumiwa sampuli za flai za kule, lakini mito ya Uingereza ya kusini ni tulivu, ya hapa inakwenda kwa kasi na kuruka mawe. Ndipo ukaja ule mtindo mnaouona kwenye Quill Gordon na Light Cahill, bawa linatokana na unyoya wa ubavuni wa bata mmoja wa porini wa huku, una rangi ya ndimu iliyofifia na mistari myembamba myeusi. Unachukua unyoya, unasukuma nywele mpaka ncha zote zilingane, unakata fungu, unalikunja liwe fungu moja, unalifunga ncha zikitazama mbele, unalisimamisha kwa uzi kisha unaligawa mara mbili kwa namba nane. Halina kulia wala kushoto. Halipasuki kwa sababu tangu mwanzo ni nywele zilizoachana. Halizunguki hewani kwa sababu upepo unapita katikati yake. Kwa mtu anayefunga dazeni nyingi hii ni faraja kubwa.

Huyo bata hayuko Kenya lakini bata dume wa kufugwa, ule wa kijivu wenye kichwa cha kijani, ubavuni ana manyoya ya mistari karibu sawa ila rangi ni kijivu. Watu wanayapaka rangi. Chemsha maganda makavu ya vitunguu na siki kidogo, chuja, acha yapoe yawe vuguvugu, tumbukiza manyoya yaliyooshwa kwa sabuni mafuta yakatoka, uyatoe yakifika rangi ya dhahabu iliyofifia. Rangi itaonekana nzito yakiwa na maji, yakikauka inapungua.

Njia ya tatu ni ncha za manyoya ya shingo ya jogoo. Hiyo ndiyo Adams, aliifunga Leonard Halladay kule Michigan 1922 na kuiita jina la rafiki yake Charles Adams aliyeijaribu kwanza mto Boardman. Mabawa yake ni ncha mbili za jogoo wa madoa meusi na meupe. Zinadumu kuliko vipande vya bata mara nyingi sana. Mwambie mteja akujaribie Adams chache pamoja na oda yake, gharama yake ni ndogo na nina hakika atakuomba nyingine.

---

mzee_wa_thego

Binti yangu nimeona umetaja Thego nikasema niandike, mimi si fundi, mimi ni mtu wa kushika fimbo. Hili swali lako la samaki kujali mabawa nataka nilijibu vizuri kwa sababu watu wengi wanalijibu kwa mkato.

Samaki akiwa chini ya maji anatazama nje kupitia duara moja juu ya kichwa chake, nje ya hilo duara uso wa maji kwake ni kioo kinachoonyesha chini ya mto. Flai inapoelea ikimjia, kabla mwili haujafika kwenye lile duara, kitu cha kwanza kuchomoza pembeni ya duara ni kile kilicho juu zaidi, nayo ni mabawa. Kwenye kioo anaona tu vidoti vya miguu pale manyoya ya jogoo, yale yanayozungushwa kwenye shina karibu na mabawa ili flai ielee, yanapogusa maji. Kwa hivyo dimbwi likiwa tulivu na samaki ana muda wa kutazama, bawa lililosimama wima lina kazi kweli. Hata wadudu wenyewe, wale wanaotoka majini jioni na kukaa juu ya maji wakisubiri mabawa yakauke, wanasimamisha mabawa hivyo hivyo.

Lakini Thego na Ragati siyo dimbwi tu. Kuna sehemu maji yanaruka jiwe kwa jiwe, uso umevunjika vunjika, samaki ana nusu ya sekunde kuamua. Hapo bawa la bata halimsaidii samaki chochote, linamsaidia mvuvi. Royal Coachman ile nyeupe, jioni ndani ya msitu wa mianzi kukiwa na kivuli, ninaiona mpaka mwisho wa dimbwi, flai ya kijivu naipoteza mara tu inapotua. Ndiyo maana wazee wa zamani waliipenda, na huyo mteja wako nadhani anajua anachoomba. Kwa hivyo kwa Royal Coachman usihangaike sana ncha zikiwa hazijakaa kama za kitabuni mradi zinalingana na haizunguki. Kwa Blue Dun ndipo uweke ufundi wote, ile ni ya maji ya taratibu.

Namna ya kujua kama itazunguka bila kwenda mtoni, funga flai kwenye kipande cha nailoni nyembamba kama urefu wa mkono, uivute hewani mbele na nyuma polepole kisha kwa kasi, uachie ining'inie. Ikianza kuzunguka yenyewe kurudi nyuma, basi ilikuwa inasokota nailoni. Na nyingine, iachie kutoka usawa wa bega idondoke mezani. Flai nzuri inatua kwa mkia na manyoya ya jogoo, mabawa juu. Ikilala ubavu mara kwa mara, bawa moja ni zito au refu kuliko jingine. Mimi nikinunua flai nafanya hivyo dukani na wenye duka wamezoea.

Trauti wenyewe ni wageni hapa, mayai yaliletwa na mlowezi Mwingereza Grogan kutoka Loch Leven kule Uskoti mwaka 1905 wakawekwa mto Gura, flai za wakati ule zilikuja nao kwenye masanduku. Sasa hivi flai zinafungwa hapa hapa na mikono ya watu wetu na kupelekwa huko zilikotoka, na mimi nafurahi sana kuona kijana anataka kufunga ile ngumu kwa ajili ya mto wa nyumbani.

---

kuku_na_bata

Nyongeza ndogo kuhusu manyoya maana mimi nafuga. Bata wale wakubwa wenye ngozi nyekundu usoni, ambao ndio wengi vijijini, manyoya yao ya bawa ni makubwa na magumu, kwa saizi 12 nyeupe unaweza kupata kitu ukichagua yale madogo ya juu ya bawa, kwa 14 hapana. Tafuta bata weupe wale wa nyama wa kawaida, nywele zao ni laini na zinashikana vizuri. Bata bukini vilevile ni mgumu.

Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya maji, suuza, kausha kivulini, halafu yaweke kwenye friza ndani ya mfuko siku kadhaa ili mayai ya wadudu yafe, nondo akiingia kwenye sanduku lako la manyoya atamaliza mpaka shingo za jogoo za bei, zile ngozi za shingo zinazouzwa na manyoya yake.

Na kitu kimoja nakuomba, usiokote manyoya ya ndege wa porini hata ukiyakuta chini njiani kuelekea mtoni. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu manyoya kuwa nyara, ukikutwa nayo bila kibali huwezi kujitetea kwamba yalikuwa ya flai. Zile flai za zamani zinazotaja ndege wa porini kama Greenwell's Glory ambayo bawa lake ni la ndege mweusi wa Uingereza, watu wanaweka bata aliyepakwa rangi na trauti hawajawahi kulalamika.

---

flai_za_nyeri

Wadau shukran sana sana, mmenifungua macho. Fundi ni kweli kabisa nilikuwa nakata kwenye unyoya mmoja, karakana kila kitu tulikuwa tunaletewa kwenye pakiti na hakuna aliyetuambia kuna kulia na kushoto, flai za kuzama nilizokuwa nafunga hazikuwa na mabawa ya vipande. Jana nimepata mabawa mazima ya bata wawili, nimetenga jozi, nimekata nyembamba na nimevuta uzi chini vile umesema. Yanasimama! Mzee nimefanya ile ya kudondosha mezani, Royal Coachman zinatua vizuri, na kwenye nailoni hazizunguki.

Sasa imebaki hivi. Nikizungusha manyoya ya jogoo mwishoni, mabawa yanasukumwa, yale ya nyuma yanasukuma mbele na ya mbele yanarudisha nyuma na mara nyingine bawa moja linafunguka nywele. Na pia nilikuwa nafikiria nipake vanishi vipande kabla ya kukata visipasuke, ni sawa? Mzee wangu nikija Thego nitakutafuta, asante kwa maneno yako.

---

fundi_wa_uzi

Safi sana dada, hiyo ya kusimama ndiyo ilikuwa kubwa.

Manyoya ya jogoo. Kwanza angalia ulivyoyaandaa, lile unyoya la shingo chini lina laini laini ya kijivu, toa yote mpaka ubaki na nywele ngumu tupu na uache kipande kifupi cha uti bila nywele mahali unapoanza kuzungusha, ili mzunguko wa kwanza usisukume kitu. Nywele ziwe na urefu wa mara moja na nusu ya mdomo wa ndoano, si zaidi, ukitaka kujua kunja unyoya kuzunguka shina kabla hujaufunga. Ukichukua refu kuliko hapo linapanda juu ya mabawa na ndiyo unaona yanafunguka.

Funga unyoya nyuma ya mabawa, zungusha mara mbili au tatu nyuma, kila mzunguko ukigusana na mwenzake bila kupanda juu yake, na ule wa mwisho wa nyuma usiubandike kwenye mabawa, acha nafasi nyembamba. Kisha vuka chini ya shina kwenda mbele, si juu, zungusha mara mbili au tatu mbele. Mkono mwingine ushike mabawa pamoja kwa vidole wakati unavuka. Mabawa yakisukumwa bado, maana yake hukujaza uzi wa kutosha mbele ya shina la mabawa ulipoyainua, yanategemea jogoo ayashike na hiyo siyo kazi yake. Acha nafasi wazi kidogo nyuma ya jicho, ndugu wa Beaverkill atakubaliana nami hapo, wale wa Catskill ni maarufu kwa ile nafasi, na mteja atakushukuru akifunga nailoni.

Vanishi sikushauri kwenye vipande. Kuna watu wanapaka gundi laini nyuma ya unyoya wote kabla ya kukata na ni kweli hakipasuki, lakini kinakuwa kigumu, na bawa gumu likiwa na kasoro ndogo tu linazunguka kuliko lile laini. Bawa la bata likishavua samaki mmoja au wawili litaachana nywele, liache liachane, flai inaendelea kuvua vizuri na mara nyingi vizuri zaidi maana inakuwa nyepesi. Mweleze mteja hivyo wakati unampa oda asije akafikiri umemfanyia kazi mbovu. Vanishi iweke kwenye kichwa tu na tone dogo sana kwa ncha ya sindano pale chini mabawa yanapogawanyika.

Yale uliyokwisha kufunga yakiwa yamepinda ama yamebonyea usitupe. Chemsha maji kwenye birika, shika flai kwa kibano ipitishe kwenye mvuke sekunde chache ukiigeuza, utaona nywele zinanyooka na kushikana tena mbele ya macho yako. Fanya hivyo hata kwa manyoya yaliyokaa muda mrefu kwenye pakiti kabla ya kukata. Mzee wa Thego mwambie afanye hivyo hivyo na zile za kwenye kisanduku chake.

---

nyandarua_kwa_beaverkill

Nakubaliana na fundi neno kwa neno, na kwa jogoo wa kuelea hapo ndipo pesa inapohitajika dada, si kwenye bata. Jogoo wa kienyeji nywele za shingo yake ni laini na pana, zinanywa maji, nzuri kwa flai ya kuzama. Hapa kuna wafugaji waliochagua jogoo kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya shingo tu, Harry Darbee wa hapa Catskill alifuga wake ili apate ile rangi ya kijivu cha buluu ambayo Blue Dun yako inataka, na shingo za siku hizi unyoya mmoja mrefu unafunga flai zaidi ya moja. Bei ni kubwa, lakini nusu shingo ya kijivu na nusu ya kahawia zitatosha oda yako na nyingine nyingi baada yake. Ukikosa kijivu cha kununua, shingo nyeupe ya India ni rahisi na inapakwa rangi vizuri.

---

mzee_wa_thego

Binti, moja tu kabla hujafunga dazeni zote. Muulize huyo mteja anatumia nailoni nene kiasi gani. Kama yuko 4X (kipimo cha unene wa nailoni, namba ikipanda nailoni inakuwa nyembamba), saizi 12 na 14 zenye mabawa ya bata zitamtosha. Kama ni mtu wa nailoni nyembamba zaidi ya hapo, mfungie 14 nyingi kuliko 12, na zile 12 umwekee mabawa mafupi kidogo, bawa kubwa kwenye nailoni nyembamba litamsokotea hata likiwa limelingana. Kwa Ragati mimi ningechukua 14.